Malaika Alianza na Mkate na Maji

Andiko: 1 Wafalme 19:1-8



Wengi wetu tukihubiri habari za Eliya tunakimbilia Karmeli, pale moto uliposhuka. Sura inayofuata hatuipendi sana. Mtu yule yule wa moto amelala chini ya mretemu jangwani, anamwomba Mungu amwondoe duniani. Angekuwa hapa kwetu, tungesema ameingiliwa na roho ya mauti, tumzunguke tumwekee mikono. Lakini angalia malaika alifanya nini. Hakukemea kitu. Alimgusa, akampa mkate wa makaa na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kile kile. Mazungumzo mazito na Mungu yalikuja baadaye, kule Horebu.

Nimeleta neno hili kwa sababu ya wazee wetu.

Kiangazi hiki familia moja ya upande wa Kitui ilituletea susu yao afanyiwe ukombozi. Alikuwa anampiga mke wa mwanawe akimlisha, anasema ati chakula kina sumu. Usiku anapiga kelele kwamba kuna watu wamesimama mlangoni. Niliwauliza: haya yameanza lini? Wakasema kusahau ni miaka minne sasa, lakini huu ukali ni wiki mbili tu. Mimi nilisomea biashara, si udaktari, lakini hata mwenye duka anajua: hasara ikija ghafla, kwanza unakagua stoo kabla ya kumtafuta mchawi. Mama mmoja wa ushirika wetu, nesi mstaafu, alimbembeleza susu akafungua mdomo. Ulimi ulikuwa mkavu kabisa, na kulikuwa na jino limeoza hadi ufizi umevimba. Zahanati walipima mkojo, wakapata maambukizi. Alitibiwa, jino likang'olewa, na ndani ya siku chache ule mkono uliokuwa unapiga ukatulia.

Kusahau hakukuisha. Bado anamwita mwanawe kwa jina la kaka yake aliyefariki. Sitawadanganya hapa kwa ushuhuda mtamu kuliko ulivyokuwa.

Ugonjwa huu unaitwa dimenshia. Ni ugonjwa wa ubongo, si laana, na wala si kila mzee lazima aupate. Duniani wanaoishi nao ni zaidi ya milioni 55, na wengi wao wako katika nchi zisizo tajiri, kama yetu. Unamnyang'anya mtu maneno, na mwili ukiuma hana njia ya kusema "jino laniuma", basi anasema kwa mkono, kwa kelele, kwa kukataa kuoga. Saa zingine shida ni kufunga choo tu. Saa zingine ni dawa mpya haijamkubali. Na huku kwetu, Kitui na Makueni, kuna kiu. Maji yakitoka mbali kwa punda, kila kikombe kinahesabiwa, na mzee hahisi kiu kama kijana. Wengine wanakataa kunywa makusudi, wasije wakaamka usiku kutafuta choo kilicho nje gizani. Ongeza mtoto wa jicho na mwanga wa koroboi, kile kivuli cha koti ukutani kinakuwa mtu.

Sisemi hakuna mapepo. Yesu aliyakemea, na kanisa hili litaendelea kuyakemea. Lakini Yesu huyo huyo, alipomfufua binti wa Yairo, aliagiza apewe chakula.

Wacha niseme wazi jambo linalonisumbua. Mzee mwenye dimenshia asifungishwe. Siku tatu bila maji zinaweza kumuua, hata kama zimeitwa maombi. Asiachishwe dawa za presha wala sukari. Asifungwe kamba. Na neno "mchawi" lisitoke madhabahuni kumhusu. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Tusijipe moyo kwamba hayo ni ya Kisii.

Mzee akibadilika ghafla, kwa siku chache tu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na maombi tutayafanya njiani. Mwite CHP wa kijiji chako, ana mashine ya presha na ya sukari. Makueni kuna watafiti wa Africa Mental Health Research and Training Foundation ambao kwa miaka wamewafunza wahudumu wa afya vijijini, hata waganga wa kienyeji na viongozi wa imani, kutambua maradhi ya akili. Kama mganga amekubali kufunzwa, sisi wachungaji tunangoja nini?

Sasa kuhusu yule mke wa mwana. Hajakanyaga ibada tangu Pasaka, kwa sababu hakuna wa kumwachia susu. Idara ya Kina Mama inapanga zamu za Jumapili: wawili wawili, saa tatu hadi saa saba. Mkienda, bebeni uji na mtungi wa maji, mpeni susu kidogo kidogo, na mkiingia mketi mbele yake awaone uso. Majina yaandikwe kwa shemasi kabla ya Alhamisi. Wanaume pia.