Wimbo wa Mama na Wimbo wa Kwaya

Ni nani amwimbie mtoto? Mmoja wa watoto waliokimbia vita alifika kwetu hasemi. Tulimketisha karibu na ngoma za kwaya. Baada ya majuma machache akaimba. Tukashangilia sana. Lakini mama yake akatuuliza: «Papa shemasi, mbona kwenu anaimba, kwangu hapana?»

Tuliona kosa letu. Daudi alipiga kinubi, Sauli akatulia (1 Samweli 16:23). Wivu ulipoingia kati yao, kinubi kilekile kikilia, Sauli alimrushia mkuki. Na mtoto mchanga hutambua sauti ya mama yake kabla ya kwaya yoyote. Je, ni haki tumwimbie huku mama anangoja nje? Sasa mama anaanzisha, sisi tunafuata na ngoma polepole. Jumapili iliyopita sauti yake ilikwama. Mtoto alimtazama mdomo.