Pombe ya Matanga ya Chitima

Chitima ni mji mdogo wa mkoa wa Tete, Msumbiji, upande wa bwawa la Cahora Bassa. Msafiri anayefuata nyayo za Livingstone kando ya Zambezi hupita si mbali nao, maana Tete yenyewe ni mji mkongwe wa Wareno na Livingstone aliingia pale mwaka 1856. Tarehe 9 Januari 2015 Chitima kulikuwa na msiba, na waombolezaji wakanywa pombe ya kienyeji iliyotiwa unga wa mahindi. Watu zaidi ya 230 waliugua. Waliokufa walikuwa 75, na mama aliyeipika pombe ile akiwa mmoja wao.

Habari zilizotoka kwanza zilisema waliokunywa asubuhi walibaki wazima, na walioumwa ni wale waliokunywa baada ya kurudi makaburini. Basi kila mtu akawa na jibu mdomoni: pombe imetiwa sumu watu walipokwenda kuzika. Sumu gani? Nyongo ya mamba. Maafisa waliitaja, magazeti ya dunia nzima yakaishika, na ukweli ni kwamba hadithi ile ilikuwa tamu: mto Zambezi, mamba, mchawi asiyejulikana. Nani angetaka kusikia habari za gunia la unga?

Na jibu lilikuwa kwenye unga. Sampuli zilipopimwa maabara, ndani ya unga uliotumika ilikutwa bakteria iitwayo Burkholderia gladioli, na ndani ya pombe ile sumu inayotengenezwa nayo, asidi ya bongkreki. Sumu hiyo ilikwisha kujulikana zamani huko Java, ambako iliua walaji wa tempe iliyotengenezwa kwa machicha ya nazi. Haina harufu, haina ladha, haiharibiki kwa kuchemshwa, na dawa ya kuitengua haipo. Mpishi aliyekoroga chungu kile hakuwa na njia ya kujua.

Hapo ndipo desturi yetu moja nzuri inapopwaya. Katika vilabu vingi vya pombe ya kienyeji, muuzaji hupiga funda la kwanza mbele ya mgeni kabla ya kumkabidhi kata, kuonyesha kwamba hakuna kilichotiwa. Mgeni hutulia. Lakini funda lile linamkinga na mtu mwenye nia mbaya tu. Ghala lenye unyevu halina nia. Mama wa Chitima alikunywa alichopika.

Wala si lazima kwenda Msumbiji. Mwaka 2004 huko Ukambani, Kenya, watu 125 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka. Wale walikula ugali, hawakunywa chochote. Nafaka ikishavunda, jina la chakula au kinywaji halibadilishi kitu.

Sasa mtazame msafiri wa kawaida anapofika Old Moshi, Kilimanjaro. Atauliza habari za Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa huko aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, ataonyeshwa mti alionyongewa, ataelezwa habari za fuvu linalotafutwa Ujerumani hadi leo. Atatazama mifereji ya kale ya maji. Kisha ataketi kwenye benchi la mbao, aletewe mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na maswali yake yatakauka. Akiwa mwoga sana, ataikagua kata na kuuliza habari za maji.

Ilhali mbege ina historia yake ya siku kadhaa inayofaa kuulizwa. Ndizi mbivu zimechemshwa hadi zikageuka rangi, zikaachwa zichache, zikachujwa. Magome ya msesewe yametiwa yalete uchungu. Pembeni kuna ulezi uliolowekwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa uji na kupozwa ndipo ukachanganywa. Ndizi hazinitishi, zingeoza mgeni angezinusa. Jicho langu liko kwenye ule ulezi wakati wa kuanikwa. Kimea kikinyeshewa mvua ya masika siku mbili mfululizo kisha kikafungwa kwenye mfuko wa nailoni, kitasagwa vilevile na kitapikwa vilevile.

Kuuliza bila kumvunjia mtu heshima kuna namna yake. Usianze na "hii ni salama?" Hilo ni tusi. Anza na salamu, kisha usifie.

"Shikamoo mama. Mbege yako imekolea. Kimea unaanika mwenyewe?"

"Marahaba mwanangu. Naanika mwenyewe, cha dukani sikiamini. Njoo uone."

Mpishi anayejali kazi yake hupenda swali hilo, na mara nyingi atakuchukua hadi uani akuonyeshe turubai lake na ungo. Anayesema ameletewa unga na mtu asiyemfahamu, au uliuzwa bei ya kutupa kwa sababu ulilowana, amekupa jibu pia. Mshukuru, lipia kata, iache mezani.

Kwenye ulanzi wa Iringa swali hili halina kazi. Ukitoka Kalenga kuliangalia fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, utakunywa utomvu wa mwanzi uliogemwa msimu wa mvua, na ndani yake hakuna unga. Tembo la mnazi la pwani ni vivyo hivyo.

Taabu huja ulanzi unapokuwa umekwisha, mwenyeji akaona haya kumrudisha mgeni kiu, akachomoa chupa ya gongo, pombe kali ya kienyeji, chini ya meza. Novemba 2000 vitongoji duni vya Nairobi vilinywa pombe kali ya kumi kumi, iliyoitwa hivyo kwa kuwa glasi ilikuwa shilingi 10, na ndani yake mlikuwa na methanoli. Walikufa zaidi ya 100, wengine wakapofuka. Hapo hata adabu yote ya kuulizia kimea haisaidii, kwa sababu aliyechanganya hayupo kibandani, na anayeuza hajui alichonunua.