Mwarobaini na Amri ya Nane

Wakristu wengine huuliza: Je, ni dhambi kutumia miti ya dawa? Jibu ni fupi: si dhambi. Mungu ndiye aliyeumba mti, na nguvu iliyomo katika jani lake ni kazi yake. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, afundisha kwamba dawa zatoka katika ardhi kwa mapenzi ya Mungu. Kinini yenyewe ni ganda la mti wa Amerika ya Kusini. Mapadri Wajesuiti walisaidia kuileta Ulaya katika karne ya 17, na wakati wa Wabelgiji mikinini ikapandwa katika milima ya Kivu yetu. Dhambi huingia pale mtu anapolinuizia jani maneno na kudhani nguvu zatoka huko. Hayo mmekwisha kufundishwa, sitayarudia.

Lakini kuna swali lingine ambalo haliulizwi mara nyingi. Je, ni dhambi kusifu dawa kupita vile tunavyoijua?

Tutazame mwarobaini. Asili yake ni India na Burma, nao huota vizuri katika nchi za joto, hata penye mvua kidogo. Waswahili waliupa jina hilo kwa kuwa yasemwa huponya magonjwa arobaini. Jina si uwongo. Arobaini hapa maana yake ni mengi, kama mama anavyomwambia mtoto: Nimekuita mara mia!

Tena mti huu wastahili sifa. Mwaka 1959, huko Sudani, mtaalamu Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona nzige wakila majani ya miti yote, wakaacha mwarobaini peke yake. Mwaka 1968 wataalamu wa Uingereza walitoa katika mbegu zake kitu kinachowazuia wadudu kula na kukua, nacho chaitwa azadiraktini. Bibi za India hawakungoja mwaka huo. Tangu zamani waliweka majani makavu kati ya nafaka na nguo. Kijiti chake ni mswaki. Majani yakipondwa pamoja na manjano hupakwa penye upele.

Shida yaanza na homa. Mtoto amekuwa wa moto tangu jana. Jirani amwambia mama yake: Mama, chemsha mwarobaini, umpe anywe, huponya kila homa. Mama atii. Siku ya kwanza yapita, na ya pili. Kumbe malaria yaweza kumwua mtoto mdogo katika muda huo huo. Kongo yetu ni ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nijeria tu. Ni kweli kwamba katika maabara vitu vilivyotolewa katika majani haya vimezuia vijidudu vya malaria. Lakini chupa ya maabara si damu ya mtoto, na haijathibitishwa kwamba maji ya majani hayo yatosha kumponya mgonjwa. Mafuta ya mbegu ni hatari zaidi. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika juu ya watoto wadogo waliopewa mafuta hayo wakapatwa na kutapika, usingizi mzito na degedege.

Nani ana kosa? Mama siye, aliamini alichoambiwa. Jirani naye atasema: Nilitaka kumsaidia, tena mimi mwenyewe nilikunywa nikapona. Asiyeona ubaya hapo na afikiri kidogo. Kusema "nilikunywa nikapona" ni ushuhuda. Kusema "huponya kila homa" ni jambo lingine kabisa, maana homa nyingine huisha zenyewe na jani hupewa sifa. Waliopona hushuhudia, waliozikwa hawasemi. Anayesema "najua" naye hajui, amevunja amri ya nane, hata kama moyo wake ni mwema. Na mgonjwa akifa kwa kucheleweshwa, amri ya tano nayo haiko mbali.

Mtu atanijibu: Katekista, kituo cha afya ni mbali, na mama hana feza. Neno hili ni zito, wala silidharau. Lakini umaskini wa mama haulipi jani nguvu lisilo nayo. Nafikiri mara nyingine twalisifu jani kwa sababu ni rahisi kuliko kuchanga. Tukimwambia mama, "Hili halitoshi, mpeleke mtoto leo," atatutazama, nasi tutajua anatazama mifuko yetu. Kweli ya namna hii yataka baiskeli, yataka mtu wa kubaki na watoto wengine, yataka shirika kutoa sanduku lake la feza. Uwongo wataka sufuria tu na maji ya moto.

Na muuzaji wa sokoni aulizaye, "Nikisema hivyo nani atanunua?" Atanunua mwenye magunia ya maharagwe. Atanunua mwenye upele na mwenye kutaka mswaki. Mama mjamzito akitaka dawa ya kunywa, asimuuzie. Na yule aliyekuja amebeba mtoto wa moto mgongoni, amwonyeshe njia ya kituo cha afya, hata ikiwa siku hiyo chupa zake zote zitabaki mezani.