Hamlet: Wazimu au Kujitia Wazimu?

Je, Hamlet, mwana wa mfalme wa Denmark katika tamthilia aliyoitunga Shakespeare yapata mwaka 1600, ni mwendawazimu kweli au amejitia? Wasemao amejitia wana hoja. Baada ya kuonana na mzuka wa babake, yeye mwenyewe anamwonya sahibu yake Horatio kwamba huenda akajifanya mwehu. Tena, akiisha kumuua Polonius aliyejificha nyuma ya pazia, anamhakikishia mamake kuwa akili yake ni timamu.

Lakini katika onyesho la mwisho anamtaka radhi Laertes, mwana wa Polonius, akidai kwamba aliyemkosea si Hamlet bali ni wazimu wake. Basi ama alimdanganya mamake, ama anamdanganya mfiwa.

Hapo kalamu yangu ya mfasiri ilisita, na Kiswahili kikaniauni. Kwetu sisi, kujitia ni kujisingizia. Lakini kutia ni kuingiza ndani. Ajitiaye wazimu huuingiza nafsini mwake, na kilichokwisha kuingia hakitoki kwa amri. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Hata hivyo, jibu hilo si udhuru. Mlango aliufungua kwa hiari. Damu ya Polonius ni deni lake. Na wazimu usio na shaka ni wa Ophelia, binti wa marehemu: hakuutangaza wala hakuufanyia hila. Ulimjia baada ya kifo cha babake, naye akafa maji. Tubishanapo juu ya akili ya muuaji, tusimsahau aliyelipa.