Mume na Mke Mbele ya Mtoza Kodi: Hesabu Moja au Mbili?

Huko Marekani, ambako leo wamo pia watu wa pwani yetu na ahali zao, kila mwaka kufikia tarehe 15 Aprili mtu hutakiwa apeleke serikalini hati ya pato lake. Aliyekuwa na mke siku ya 31 Desemba huhesabiwa ni mwenye mke mwaka mzima, naye hupewa khiari: atie sahihi pamoja na mkewe katika hati moja, au kila mtu na yake. Wengi huliona jambo hili ni la makarani tu. Hutazama ni hati gani ipunguzayo kodi, wakatia sahihi, basi. Walakini ndani yake mna suala kubwa kuliko hiyo kodi, nalo ni hili: mali ya mke ni ya nani?

Zipo serikali zilizojibu waziwazi kuwa ni ya mume. Uingereza, asili ya sheria mpaka Aprili 1990 ilikuwa pato la mke anayekaa na mumewe lihesabiwe kuwa la mume. Na sheria ya Kenya ya mwaka 1973, katika kifungu chake cha 45, ikashika njia hiyo hiyo, ingawa iliacha mlango kwa mishahara ya wake. Nasi tukumbuke kuwa huko Uingereza kwenyewe mke hakupata milki kamili ya mali yake ila kwa sheria ya mwaka 1882, hali kwetu sisi mahari yake, urithi wake na chumo lake vilikuwa vyake tangu Qurani iliposhuka. Basi asitusute mtu kwa jambo ambalo yeye ndiye aliyelichelewa. Na sisi nasi tusijisifu kwa hukumu iliyo vitabuni, kisha majumbani mwetu tukala mali za wake zetu.

Marekani ilikwenda njia nyingine mwaka 1948. Mapato ya wawili hukusanywa, kisha hutozwa kana kwamba kila mmoja amechuma nusu. Na tupige mfano tufahamu. Tuseme kodi ni 10 katika mia kwa shilingi 1000 za mwanzo, na 30 katika mia kwa zinazozidi. Mume ana 1500, mke ana 500. Kila mtu akitoa yake, mume atalipa 250 na mke 50, jumla 300. Mapato yote yakitiwa katika jina la mume, kama zamani Uingereza, kodi itakuwa 400. Na yakikatwa nusu kwa nusu, itakuwa 200. Nyumba ni ile ile, na chumo ni lile lile. Kilichogeuka ni kalamu ya mwenye kuhesabu.

Mwanafunzi wa fikihi halioni geni jambo hili, kwani amesoma mlango wa khulta katika zaka. Watu watatu wenye kondoo 40 kila mmoja, wakitengana watatoa kondoo watatu. Wakichanganya, wote 120 hutoka mmoja. Na wawili wenye 20 kila mmoja, wakitengana hawana zaka, wakichanganya hutoka mmoja. Kuchanganya mara huzidisha, mara hupunguza. Wala mchanganyiko hauondoi milki, kila kondoo ana mwenyewe. Kilichokatazwa ni kuchanganya au kutenga kwa hila ya kuikimbia haki. Kodi si zaka, bali mfano huu watuonyesha kuwa kuhesabu pamoja si kumiliki pamoja.

Atasema mtu: mke na mume ni chungu kimoja, ya nini kuwahesabia mbalimbali? Tutamjibu kuwa chungu hicho, katika madhehebu yetu, kuni zake ni juu ya mume, hata mke akiwa tajiri. Hiyo ni hoja ya serikali kumpunguzia mume kwa ajili ya wale anaowalisha. Haiwi hoja ya kumfanya mke ni fungu katika mali ya mume.

Na liko jambo ambalo kwangu mimi ni zito kuliko hayo yote. Huko Marekani, wawili wakitia sahihi hati moja, kila mmoja hudaiwa kodi yote, hata ile ya mwenziwe, na hata baada ya kuachana. Mume akificha faida ya duka lake, mke aweza kudaiwa. Sheria imemwekea njia ya kujitetea, ikapanuliwa mwaka 1998, lakini ni juu yake kuomba na kuthibitisha kuwa hakujua. Hii ni dhamana, ndugu zangu, hata ikiitwa jina jingine. Na kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii ni kuwa dhamana ya deni lisilojulikana kiasi chake haisihi. Sasa mke anayepewa karatasi jikoni akaambiwa, “Tia sahihi hapa,” amedhamini nini?

Kwa hiyo naona asili iwe kila mtu na hesabu yake, na kuunganisha kuwe kwa khiari ya wote wawili baada ya kuonyeshana mapato na madeni. Asemaye kuwa kuonyeshana huko kwavunja haiba ya mume, na atie sahihi peke yake.

Yabaki suala la ile faida. Katika mfano wetu, kwa kuungana wamelipa 200 badala ya 300. Wako waume watakaosema, “Tugawane, wewe 100 na mimi 100.” Kwa dhahiri ni insafu. Lakini mke akiwa peke yake angelipa 50 tu. Hiyo 50 ya pili ni kodi ya mume iliyotoka katika mali ya mke, na nafuu yote imepatikana kwa kuwa daraja ya chini ya mke ilikuwa na nafasi. Mume alipe 150. Hapo pia ameokoa 100. Akitaka zaidi ya hapo, na aombe, na mke akitoa kwa moyo mkunjufu ni halali yake.