Kalamu Haingoji Lugha Ikue

Wewe unayesema Kiswahili bado hakijawa tayari kubeba tenzi kubwa za dunia, nawe unayengoja shahada moja zaidi ndipo uanze kutafsiri, nipeni masikio. Nina habari za padri mmoja wa Uskoti.

Gavin Douglas alikuwa mkuu wa kanisa la St Giles, Edinburgh, alipojitwisha Aeneid, utenzi wa Virgil wa Roma ya kale, wenye vitabu 12 na mistari inayokaribia 10,000. Alitaka kuutia wote katika Kiskoti, lugha ambayo wasomi wengi wa Ulaya wala hawakuijali. Hakuwa na wa kumfuata nyayo. Kilichokuwapo ni kitabu cha 1490 cha William Caxton, mchapaji wa London, kilichotokana na masimulizi ya Kifaransa. Douglas alikisoma akawaka. Sisi pia huwaka tukikuta tafsiri mbovu, ila hasira yetu huishia barazani. Yake ilimkalisha mezani.

Wachapaji walikuwa wamemrahisishia. Virgil alikwisha kuchapwa Roma yapata 1469. Mwaka 1501, huko Venice, Aldus Manutius alimtoa katika kitabu kidogo cha kushikika mkononi, kwa herufi za mlalo zilizochongwa na Francesco Griffo. Mwaka huohuo Ascensius wa Paris akatoa toleo lenye maelezo tele ya kila kifungu. Hilo la Paris ndilo alilolitumia Douglas.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Ameisimulia katika utangulizi wake wa kitabu cha 7. Ni alfajiri ya kipupwe, anafungua dirisha, baridi inampiga usoni, analifunga upesi na kusogelea moto. Hapo anamwona Virgil, yuko palepale kwenye kiweko cha kusomea, na kazi bado ndefu. Anachukua kalamu. Basi. Hakushukiwa na malaika.

Kiskoti kilipompungukia, alikopa Kilatini, Kifaransa, hata Kiingereza cha majirani, na akasema wazi kwamba amekopa. Julai 1513 akamaliza. Kwa maelezo yake ilimchukua miezi 18, na ndani yake miwili hakuigusa kazi kabisa kwa sababu ya shughuli nyingine. Mtu mwenye shughuli nyingi, tena!

Septemba yake jeshi la Uskoti lilisagwa na Waingereza huko Flodden, na mfalme wake akafia vitani. Douglas akazama katika siasa, akafa London mwaka 1522. Tafsiri yake ilizunguka kwa nakala za mkono, ikachapwa 1553. Mwenyewe hakuiona.

Lakini mwone aliyeisoma. Henry Howard, Bwana wa Surrey, alichota kwa Douglas alipotafsiri vitabu viwili vya utenzi huohuo kwa Kiingereza, kwa mizani bila vina (wapenzi wa vina mnisamehe). Mtindo huo ndio Shakespeare aliotungia sehemu kubwa ya tamthilia zake. Na mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, rais wa nchi changa yenye kila sababu ya kumnyima nafasi, akatoa tafsiri yake ya Julius Caesar, mojawapo ya tamthilia hizo, kwa Kiswahili, naye kwa mizani bila vina. Nani kati yao aliyengoja kwanza mambo yatulie?

Virgil alikufa mwaka 19 kabla ya Kristo, kwa hiyo huna wa kumwomba ruhusa. Kilatini kinakutisha? Wako mapadri waliokisoma seminarini. Mtafute mmoja, umwombe akufundishe. Neno likikosekana, kopa kama Douglas, halafu uendelee. Anza usiku huu kwa mistari kumi, hata ikichechemea, kisha msomee mtu kwa sauti usikie inapojikwaa. Kesho ongeza mingine kumi. Kwa mwendo huo, utenzi wote utakuwa umekwisha kabla ya miaka mitatu kutimia.