Siri ya Maungamo na Ukuta wa Jipsamu

Katika Kanisa Katoliki siri ya maungamo ni ya zamani kuliko kibanda cha kuungamia. Mtaguso wa Nne wa Laterani, mwaka 1215, uliwaagiza waumini waungame walau mara moja kwa mwaka, ukamwekea adhabu kali padre atakayetoboa aliyoyasikia. Kibanda chenye wavu kilienea katika karne ya 16 tu, hasa kwa juhudi za Carlo Borromeo, Askofu Mkuu wa Milano. Kwa zaidi ya miaka 300, basi, siri ililindwa na kifua cha padre peke yake. Je, ukuta uliokuja baadaye ni sehemu ya siri hiyo, au ni adabu tu ya ujenzi?

Swali hili lina uzito zaidi sasa, kwa kuwa kuta zimekuwa nyembamba. Baada ya taratibu mpya za Kitubio kutolewa mwaka 1973, makanisa mengi yalitenga vyumba vidogo vya maungamo, na njia rahisi ya kukata chumba ndani ya jengo lililopo ni bodi za jipsamu kwenye fremu za chuma. Bodi nyepesi hutikiswa na sauti na kuipitisha upande wa pili. Kuongeza uzito wa ukuta mara mbili hupunguza sauti kwa takriban desibeli 6 tu, ndiyo maana mafundi hupiga bodi mbili kila upande, hutenganisha fremu na kujaza pamba ya madini katikati. Hata hivyo tundu lina nguvu kuliko uzito: uwazi wa asilimia 1 ya eneo la ukuta huzuia ukuta wote usipunguze zaidi ya desibeli 20 hivi, hata ukiwa wa zege. Mwanya chini ya mlango, au ukuta ulioishia kwenye dari badala ya kufika kwenye zege la juu, hutosha kuharibu kazi yote. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam, madirisha yaliyoachwa wazi humaliza hesabu kabisa.

Wengi hubandika sponji ukutani wakidhani wameziba sauti. Sponji hutuliza mwangwi wa ndani. Sauti inayotoka nje haiizuii kwa kiasi cha maana. Lakini mwangwi nao una sehemu yake. Wallace Sabine, aliyeanza utafiti wake Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1895 kwa kuingiza na kutoa matakia ya viti ukumbini, alionyesha kwamba muda wa mwangwi hutegemea ukubwa wa chumba na kiasi cha vitu vinavyofyonza sauti. Katika chumba kitupu chenye kuta ngumu maneno huparaganyika, padre mzee huomba yarudiwe, na anayetubu hupaza sauti. Zulia na pazia nzito humwezesha kunong'ona tena, na mnong'ono ndio ulinzi wa kwanza.

Kuna jambo jingine, la ajabu kidogo. Neno husikika kwa kadiri linavyozidi kelele za mahali alipo msikilizaji. Kanisa lililonyamaza kwa heshima, lenye foleni ya waumini nje ya mlango, humsaliti anayeungama kuliko kanisa lenye kwaya inayofanya mazoezi. Feni au kinanda cha taratibu hulinda siri bila kuongeza bodi hata moja.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inamjua huyo wa kwenye foleni. Kanuni ya 983 haimfungi padre peke yake. Mkalimani na yeyote aliyepata kujua dhambi kutokana na maungamo nao wanapaswa kutunza siri. Kwa mtazamo huo, ukuta unaovuja hauivunji siri, bali huongeza idadi ya watu wanaowajibika kwayo. Aliyesikia bila kukusudia amebebeshwa mzigo asiouomba, na anayetubu hakuwahi kumchagua. Kwa hiyo ni vigumu kukubali kwamba ukuta ni adabu tu: mjenzi na parokia wana deni kwa wote wawili, ingawa deni hilo si sawa na wajibu wa padre. Ukuta humzuia mtu kusikia. Kumzuia aliyesikia asiseme hakumo katika uwezo wake, na padre, ambaye lazima asikie, hubaki chini ya wajibu uleule wa mwaka 1215, chumba kiwe cha mawe au cha jipsamu.